Uzoefu wangu na waya wa bumu wa kutengenezesha Kariakoo

Niseme mapema kabisa, mi siuzi waya na huyu fundi hanilipi kitu. Kazi yangu ni saundi, nashika bumu (ile fimbo ndefu inayobeba maiki karibu na waigizaji) kwenye filamu fupi, matangazo na tamthilia za YouTube hapa Dar, na kwa muda mrefu kilichokuwa kinanitoa jasho sio maiki wala rekoda, ni waya. Unakuta maiki ya maana, rekoda ya maana, halafu katikati kuna waya wa bei chee unaharibu kila kitu.

Zile za tayari nilizokuwa nanunua (duka sitaji) zilikuwa zinaanza vizuri tu, ila baada ya muda ukitingisha kidogo pale koneka (kile kichwa cha kuchomekea) inapoungana na waya unasikia krr krr kwenye hedifoni, ukiushika kwa staili fulani unatulia, ukiuachia krr tena. Mmoja nikauchana kwa wembe nione kuna nini, maana koneka zake zimegandishwa kwa plastiki huwezi hata kufungua. Ndani nikakuta nyuzi chache za shaba zimezungushwa upande mmoja tu, na pale shingoni unapokunjika kila siku nyuzi zimeachana zimebaki mwanya, zingine zimekatika kabisa, na hiyo ndo eti kinga ya kuzuia mawimbi ya nje. Hapo simu ya mtu wa meikapu ikitafuta mtandao we lazima usikie dididi dididi ndani ya rekodi, na direkta anakuangalia wewe.

Basi nikaelekezwa kwa fundi mmoja Kariakoo, maeneo ya Msimbazi, ghorofani, kachumba kadogo kana feni na moshi wa risasi ya kulehemu. Yeye anakukatia waya kwa mita halafu anakufungia koneka unayotaka. Mi nilichukua waya wa kampuni ya Canare, modeli L-4E6S, na koneka za kampuni ya Neutrik. Bei ni kama mara tatu ya ile ya tayari, nikashtuka kidogo, akaniambia "kaka, ile ukinunua mara tatu si ni hela hiyohiyo?" nikanyamaza.

Kazi yake niliikalia nikaiona mwanzo mwisho. Huu waya ndani una vijiwaya vinne badala ya viwili, viwili buluu viwili vyeupe, vimesokotwa pamoja, juu yake kuna shaba iliyosukwa kama mkeka kwahiyo hata ukikunja haiachi mwanya kirahisi. Koneka ina pini tatu: buluu zote mbili zinaenda pini moja, nyeupe zote mbili pini nyingine, yaani pini 2 na pini 3, na ile shaba iliyosukwa inaenda pini 1. Fundi akichanganya buluu na nyeupe kwenye pini moja basi umelipia bure, maana faida yote ya vijiwaya vinne ni kwamba kelele ya nje inaingia pini 2 na pini 3 kwa kiasi kilekile, rekoda yenyewe inachukua tofauti kati yao tu, kwahiyo kelele inajifuta. Alichonifurahisha ni pale mwisho, kabla hajafunga koneka alihakikisha kile kibano cha nyuma kimeuma ganda la waya lenyewe na sio vijiwaya, ukivuta mzigo unabebwa na ganda, sehemu za kulehemu hazijui kitu. Waya nyingi zinafia hapo hapo.

Matokeo: dididi ya simu imepungua sana mpaka naisahau, muungurumo wa umeme tukipita karibu na waya za taa na jenereta pia. Honi za daladala bado zipo lol, hiyo hakuna waya utakaokusaidia, subirini zipite.

Sasa lawama. Huu waya ni mgumu kidogo, una unene wa kama milimita 6, na kwenye bumu ugumu ni shida kwasababu ile mipira inayoning'iniza maiki kazi yake ni kuzuia mtikisiko wa mikono yako usifike juu, sasa ukichomeka waya mgumu moja kwa moja kwenye maiki ni umeujengea mtikisiko daraja lake, kila ukisogeza vidole unasikia du, du. Nikarudi kwa fundi akanitengenezea kipande kifupi cha waya mwembamba laini, hicho ndo kinaingia kwenye maiki, nakiachia mkunjo mlegevu usioguswa na kitu, halafu kinaungana na ule mnene chini ya mipira, na kiungio nimekifunga vizuri kwenye fimbo kisigongegonge. Toka hapo zile du, du za mikono zimebaki kidogo sana na zilizobaki ni za sauti nzito, nawasha filta ya kukata besi kwenye rekoda, naiweka hertzi 80, basi.

Kingine kuhusu kuupitisha ndani ya fimbo. Wengi wanapenda maana unaonekana nadhifu, ila waya ukilegea mle ndani unapiga ukuta wa fimbo tk tk kila ukigeuza kutoka kwa mwigizaji huyu kwenda kwa yule. Ukitaka ndani basi viringishia vipande vya sponji kila baada ya hatua kidogo usiguse ukuta. Mi nimeutoa nje, nauzungusha kwenye fimbo mara chache na kuubana kwa velkro juu na chini, hauchezi kabisa. Ila usikaze mpaka waya ubonyee.

Kuhusu kudumu, mpaka sasa haujakwaruza na mi nasafiri nao kwa bodaboda. Kinachosaidia ni kutouzungushia kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo, hiyo inasokota nyuzi za ndani. Kunja duara moja kawaida, linalofuata ligeuze kwa ndani, hivyo hivyo kupokezana, ukiutupa unafunguka wenyewe bila fundo. Tukishuti Kigamboni au Coco Beach chumvi ya bahari inakaa kwenye pini, na maiki za kondensa zinapelekewa umeme wa volti 48 kupitia pini hizohizo, pini ikiwa chafu unasikia mikwaruzo unadhani waya umekufa kumbe ni uchafu tu. Nikirudi nafuta kwa kitambaa kikavu halafu napuliza kidogo dawa ya kusafishia koneka za umeme, sio WD-40 ya kawaida ile, inaacha mafuta. Na volti 48 zima kwanza ndo uchomoe, masikio yako utayahitaji.

Kwa huduma fundi nampa nne kati ya tano. Moja nimekata kwasababu ya "njoo kesho", kesho yake haijawa kesho. Ila alipolehemu akapima mbele yangu kwa kile kipimio cha umeme cha mafundi, pini kwa pini, na akaniambia ukisumbua niurudishe halehemu kwa hela tena. Nimeshaagiza wa akiba, huu wa pili kile kipande chembamba nimemwambia akiwekee koneka ya kona ili kisivutike vibaya maiki ikiangalia chini.