Tuisheni ya onlaini ilimfundisha dogo uongo uleule ambao kitabu kizima kinaufichua

Naandika hii bado nina hasira kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Ni kuhusu tuisheni moja ya onlaini inayotangazwa sana kwenye magrupu ya Waswahili huku Marekani, jina sitaji, waliowahi kuitumia watajua tu. Na ni kuhusu kitabu pia, maana vyote viwili vimenikaa kooni. Natoa siri ya kitabu humu ndani, sina jinsi, bila kuitoa huwezi kuelewa walichofanya hawa watu.

Mtoto wa kaka yangu yuko darasa la saba hapa Houston, na shuleni wakapewa wasome Tangerine ya Edward Bloor, riwaya ya vijana iliyotoka 1997. Dogo ni mgonjwa wa mpira, na riwaya ni ya mtoto anayecheza soka, tena inaanza familia ikiwa inahama hapa hapa Houston kwenda Florida, basi akaipokea kwa furaha. Kazi aliyopewa ni kuandika insha ya fani na maudhui, yani mandhari, wahusika, ishara, dhamira, msimulizi, vile vitu tulivyokaririshwa sekondari. Baba yake anapiga shifti za usiku, mimi narudi jioni miguu imevimba, tukasema tulipie wataalamu.

Wakamtumia faili, limejaa maboksi yenye rangi nzuri. Boksi la wahusika, mstari wa kwanza kabisa: Paul Fisher, kipofu kisheria (yani kwenye makaratasi anahesabiwa kipofu, ingawa akivaa miwani anaona) kwa sababu alipokuwa mdogo aliangalia jua lilipopatwa.

Jamani. Huo ni UONGO, na sio uongo wa bahati mbaya, ndio uongo ambao kitabu kizima kimejengwa juu yake! Hiyo habari ya jua ndiyo wazazi wake Paul walimwambia tangu mdogo na yeye akakua nayo, anaambiwa kosa ni lake, alikuwa mkaidi akaangalia jua. Lakini tangu mwanzo mwandishi anakupa wasiwasi, Paul mwenyewe hakumbuki kufanya hivyo, anakumbuka vipande vipande tu, na anamwogopa kaka yake Erik kwa namna ambayo hajui ilianzia wapi. Ni mpaka kule mwisho ndo kumbukumbu inarudi yote, kwamba Erik alimshika akamfumbua macho kwa nguvu na rafiki yake Erik akampulizia rangi ya kopo machoni. Na wazazi walijua. Mama anamwambia hawakutaka akue anamchukia kaka yake, na Paul anamrudishia kwamba kwa hiyo mkaona bora nijichukie mwenyewe. Hapo nilifunga kitabu nikaenda kusimama jikoni, sikuweza kuendelea usiku ule.

Sasa mtu unachukua hela za watu, unafundisha msimulizi na ishara, halafu unamwandikia mtoto uongo wa wazazi wa Paul kama ndo ukweli! Maana yake hujafika mwisho. Maana yake umesoma kurasa za mwanzo ukafunga.

Nikaomba kuongea na huyo mwalimu. Akaja kwenye video, nikamsalimia vizuri kabisa, nikamwambia mwalimu naomba tufungue sehemu ya tatu ya kitabu pamoja, kuna kitu kwenye faili lako hakiko sawa. Akacheka. Akaniambia "Dada yangu, hiki ni kitabu cha watoto cha mpira, usijipe presha. Mpira wenyewe humo ni pambo tu. Dogo ajaze maboksi apate maksi." Nikamuuliza, lakini wewe mwalimu umekisoma chote? Akasema anafundisha vitabu vingi, hawezi kusoma kila ukurasa. Anasema hivyo mbele ya mtoto! Na mtoto amekaa pale, kitabu amekifungua, kidole amekiweka juu ya ile aya ya rangi ya kopo anasubiri aulizwe, na mwalimu akaendelea kusoma slaidi yake kama vile hakuna mtu aliyeongea. Dogo akatoa kidole taratibu akafunga kitabu. Hicho kidole ndo kimenifanya niandike haya yote, kelele za mwalimu ningezisahau.

Pambo? Mpira ni pambo kwenye Tangerine? Haya ngoja.

Paul ni kipa. Mtoto anayevaa miwani nene kama chupa, anayeitwa kipofu kwenye makaratasi, mwandishi amemweka golini, kwenye ile nafasi ambayo unauona uwanja wote uko mbele yako na watu hawakuangalii mpaka ufungwe. Na nyumbani iko hivyohivyo, yeye ndo anaona kila kitu kuhusu Erik na hakuna anayemuuliza. Hiyo ndo ishara. Faili la tuisheni limeandika "miwani: ulemavu". Neno moja! Wakati kitabu kizima kinakuonyesha kwamba wenye macho mazima ndo hawaoni, baba haoni, mama haoni, wanaona futiboli ya Kimarekani ya Erik tu, mpaka Paul ameipa jina, Ndoto ya Futiboli ya Erik Fisher, kila mlo mezani ni hiyo ndoto, na baba hajui hata mtoto wake mwingine anacheza lini.

Halafu ile fomu. Mama kwa nia nzuri anajaza fomu ya shule ya watoto wenye mahitaji maalumu, anaandika Paul ni kipofu kisheria. Paul anapata namba timu ya shule yake ya kwanza kule Florida, Lake Windsor, anadaka vizuri, halafu kocha anamtoa kwa sababu ya bima, fomu imesema kipofu. Karatasi imemshinda mtoto anayedaka mipira mbele ya macho yako wewe kocha! Halafu ardhi inadidimia pale shuleni, madarasa yale ya muda yanamezwa, watoto wanaruhusiwa kuhamia shule nyingine, na Paul anamwomba mama yake safari hii asipeleke ile fomu. Kwa hiyo anaingia Tangerine Middle, shule ya watoto wa wakulima wa machenza, watoto wa Kilatino, Weusi, timu ina wasichana wanaofunga mabao, kocha ni mwanamke, na huko hakuna anayemjua kwa karatasi. Lazima apate namba kwa miguu yake. Kama huo mpira ni pambo basi mimi sijui nguzo inafananaje.

Na kuna mechi moja ugenini, mvua inanyesha, wanacheza rafu mbaya, Paul anapakwa tope machoni. Ukisoma mara ya kwanza unaona ni mchezo mchafu tu. Ukishajua habari ya rangi ya kopo ukarudi kusoma tena ukurasa ule, mwili unasisimka, kumbe mwandishi alikuwa anakuambia tangu pale, uwanjani, kwenye mechi ambayo mwalimu wetu anasema ni pambo. Dogo ndo aliyeliona hilo, sio mimi. Mtoto wa darasa la saba! Alimwandikia mwalimu kwenye meseji, akajibiwa "good, sasa jaza boksi la mandhari".

Boksi la mandhari nalo: "Florida, joto, mvua". Basi. Hakuna radi inayopiga kila mchana karibu saa ileile, hakuna kocha wa futiboli anayeng'ang'ania mazoezi saa hiyohiyo ya radi mpaka Mike Costello, mchezaji mwenzake Erik, anauawa uwanjani akiwa amegusa nguzo. Hakuna Erik na mwenzake Arthur wanaocheka kifo cha Mike jioni ileile, wanacheka nywele za marehemu zilivyoungua upande mmoja, na Paul anawasikia. Hakuna moto unaowaka chini kwa chini usiozimika. Hakuna ile mitaa ya kitajiri ya Lake Windsor Downs iliyojengwa juu ya mashamba ya michungwa, miti wakaiangusha wakaifukia humohumo, halafu mchwa wakatokea humo ardhini wakaanza kula nyumba za watu. Hata samaki wa mapambo ziwani wanapotea, wakubwa wanahisi wezi, kumbe ni furukombe wanawabeba mchana kweupe, Paul ndo anaona. Kila kitu kilichofukiwa kinatoka. Familia ya Fisher nayo ina kitu imekifukia. Hiyo ndo mandhari ya kitabu, na mtoto wa miaka kumi na mbili anaielewa ukimpa nafasi ya kuongea.

Nitasema ukweli wa Mungu kuhusu hii huduma: upande wa hesabu wako vizuri. Dada anayefundisha hesabu ni mtulivu, anamsubiri mtoto afikiri, dogo amepanda sana. Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilitaka kuwapa nyota tatu, nikasema wakali kwenye hesabu, fasihi warekebishe. Niliwaandikia kwa adabu nikawaonyesha ukurasa wa lile kosa, wakajibu asante kwa maoni yako. Nimeenda kuangalia faili sasa hivi nikiwa naandika hapa. Jua bado limepatwa pale pale mstari wa kwanza. Nyota moja. Na hiyo moja ni ya yule dada wa hesabu, wamshukuru yeye.

Kitabu je? Hapa ndo sijatulia. Nilikuwa nakipa tano bila kufikiri, lakini kuna kitu nikikikumbuka napandwa na hasira nyingine kabisa, tena hii ni ya mwandishi mwenyewe. Luis Cruz.

Luis ni kaka mkubwa wa Tino na Theresa, wale wa Tangerine Middle. Anatembea anachechemea, anafanya kazi shamba la familia, na ameotesha aina yake mwenyewe ya chenza inaitwa Golden Dawn, inayostahimili baridi. Paul anaenda shambani kwa ajili ya kazi ya sayansi ya shule, anaanza kupenda ile miti, anapenda harufu, anampenda Luis, na usiku wa baridi kali anakesha nao wakiokoa miche isife. Kurasa zile ni nzuri kuliko zote, Paul kwa mara ya kwanza ana kaka wa kweli. Halafu Erik anampiga Tino, Luis anakwenda kumfuata Erik pale uwanjani kwao, na Arthur kwa kutumwa na Erik anampiga Luis rungu dogo kichwani kwa pembeni, kimyakimya, na Paul amejificha chini ya majukwaa anaona. Luis anaondoka kwa miguu yake. Siku chache baadaye mshipa unapasuka kichwani, amekufa.

Kwa nini yeye? Nimejiuliza sana. Kwenye kitabu chenye matajiri waongo kibao, anayekufa ni mkulima, mtoto wa watu waliokuwa pale kabla nyumba za kifahari hazijaja, na kifo chake ndo kinamfungua mdomo Paul. Yani Luis anakufa ili Paul aseme ukweli, na mimi hiyo siipendi, inaniuma, nimewaona akina Luis huku, wanapanda watu wanakula. Msimu wa soka nao umeshakwisha kitambo, kurasa bado nyingi, timu yote ya Tangerine Middle uliyoizoea inakaa pembeni, unabaki na futiboli ya Erik na polisi. Nikashusha nyota. Nikasema tatu.

Lakini Paul asingekuwa amejificha chini ya yale majukwaa, asingeonwa na Antoine. Antoine Thomas, yule nyota wa futiboli ambaye naye anaishi uongo, anadanganya anakoishi ili achezee timu ya Erik, ya sekondari ya Lake Windsor, ndo anayemwambia Paul usiishi maisha yako umejificha pale chini. Na Antoine mwenyewe anaenda kutoa uongo wake, ushindi wote wa timu unafutwa. Huyo huyo Antoine ndo alikuwa anashika mpira kule mwanzo Erik aje aupige, akauondoa wakafanya ujanja wao, Erik akapiga hewa akaanguka kwenye tope uwanja mzima unamcheka. Sasa mwandishi aliyepanga tope la Erik mbele ya watu na tope la Paul machoni, na Paul aliyejificha chini ya majukwaa akaja kusema ukweli, siwezi kumwambia hajui anachofanya. Anajua sana. Nne. Ningeweza kurudi tano kesho.

Nimemwambia dogo aachane na maboksi, insha yake aanze na ile mechi ya mvua aende nayo mpaka kwenye rangi ya kopo. Ameandika kurasa tatu kwa mkono, hajaacha nafasi hata ya pambizo. Ila kuhusu Luis hatujaelewana. Yeye anasema "shangazi, Luis asingekufa hao watu wangeendelea kudanganyana mpaka leo," anasema wazazi wale wasingebadilika kwa kitu kidogo. Mimi nimekataa, nimemwambia Paul tayari alishaanza kukumbuka, mwandishi angeweza kumwacha Luis na miche yake. Aliyekisoma aje hapa chini aseme yuko upande gani, na tafadhali awe amefika mwisho.