Kadi ya modemu EM7455 kwenye Debian: nzima, ila imetiwa kufuli

Baadhi ya laptopu za mtumba zinazouzwa Darajani na Mlandege, mjini Zanzibar, hasa ThinkPad T460, T470, X260 na X270, huwa na kadi ndogo ya modemu ambayo hata muuzaji haijui. Ni Sierra Wireless EM7455. Ukitia Debian 12, mfumo wa aina ya Linux, kadi inaonekana kwenye orodha ya vifaa lakini ukiiamuru iwake haiwaki. Wengi hapo huamua kuwa imekufa, wakaichomoa na kurudi kwenye hotspoti ya simu. Kadi haijafa. Kwa anayefanya kazi Makunduchi au Micheweni, ambako Wi-Fi ni ya kuazima, hii ni kati ya kadi bora za 4G kuwa nayo ndani ya laptopu, mradi uijue kufuli yake na uangalie bendi, yaani masafa ya redio ya mnara wako, kabla ya kutoa pesa.

Umbo lake ni M.2, upana milimita 30 na urefu 42. Ni LTE (4G) daraja la 6: kushusha hadi megabiti 300 kwa sekunde, kupandisha 50. Hizo ni namba za karatasini, na mnara wa karibu yako ndio utakaoamua utapata nini.

Kufuli yenyewe inatokana na masharti ya FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani. Redio na antena huidhinishwa pamoja na laptopu iliyozibeba, kwa hiyo kadi huzima redio yake kila inapopata umeme na kusubiri salamu maalumu kutoka kwenye programu ya mtengenezaji. Windows ya Lenovo hutoa salamu hiyo kimyakimya. Kwenye Linux, ModemManager, programu inayosimamia modemu, nayo ilikuwa ikiitoa yenyewe, lakini tangu toleo 1.18.4 imeacha, na mwenye mashine ndiye anayetakiwa kuiruhusu. Ndiyo maana kadi iliyofanya kazi Debian 11 bila shida inagoma Debian 12.

Dalili zake utaziona kwa `mmcli`, amri ya ModemManager: `mmcli -L` inaiona kadi, `mmcli -m 0` inaonyesha "power state: low", na `mmcli -m 0 -e` inarudisha "Invalid transition". Ukiona hayo matatu pamoja, usibadilishe laini wala usitie upya mfumo. Anza na pakeji:

`sudo apt install modemmanager libqmi-utils libmbim-utils`

Ya katikati ndiyo wengi wanayoisahau. Skripti ya kufungua kufuli inaiita amri ya `qmicli`, na `qmicli` imo ndani ya libqmi-utils. Pakeji hiyo isipokuwepo skripti inashindwa na kwenye skrini huoni neno. Kisha andika `lsusb` utazame namba. Kadi ya Lenovo husoma 1199:9079. Iunganishe skripti yenye jina hilo hilo:

`sudo ln -s /usr/share/ModemManager/fcc-unlock.available.d/1199:9079 /etc/ModemManager/fcc-unlock.d/`

Anzisha upya huduma kwa `sudo systemctl restart ModemManager`, subiri kama nusu dakika, halafu jaribu tena `mmcli -m 0 -e`. Ikikubali, umemaliza: kila mashine ikiwaka, kufuli itafunguliwa yenyewe. Ikikataa, soma `journalctl -u ModemManager`, maana skripti ikishindwa, sababu huachwa humo. Angalia pia kama faili ni la root na lina ruhusa ya kuendeshwa. Lisipokuwa hivyo ModemManager hailigusi.

Kuunganisha sasa ni mistari miwili. APN, yaani jina la lango la intaneti, iandike ile ya mtandao wako. Ikiwa ni "internet", basi:

`nmcli c add type gsm ifname '*' con-name laini apn internet`
`nmcli c up laini`

Watumiaji wa OpenBSD, mfumo mwingine usio Linux, wana raha zaidi hapa. Draiva ya umb, iliyoingia toleo 6.0 mwaka 2016, inaijua EM7455 na inatoa salamu ya kufuli bila kuombwa. Sharti lake ni moja, kadi iwe inazungumza MBIM, moja ya lugha mbili ambazo kadi hutumia kuongea na kompyuta; nyingine ni QMI. Ikiwa aliyekuwa nayo kabla yako aliigeuza kuwa QMI, umb haitaigusa, na itabidi uigeuze kwanza kwenye Linux: simamisha ModemManager, kisha `sudo qmicli -d /dev/cdc-wdm0 --dms-swi-set-usb-composition=8`. Namba 8 ni MBIM pamoja na milango ya amri za AT (amri za maandishi zinazoandikiwa modemu moja kwa moja), 9 ni MBIM peke yake, 6 ni QMI. Chukua 8, kwa sababu milango ya AT utaihitaji kwa tatizo linalofuata.

Tatizo hilo ni la kadi zilizotoka Marekani. Nyingine bado zimeelekezwa kwenye programu ya ndani ya kampuni ya simu ya huko, na zikipewa laini ya hapa hutafuta mtandao bila kuupata, au hushika na kuachia. Fungua `minicom -D /dev/ttyUSB2` ModemManager ikiwa imesimama, andika `AT!ENTERCND="A710"`, kisha `AT!IMPREF?` uone imeelekezwa wapi. Si GENERIC? Iandikie `AT!IMPREF="GENERIC"` na umalizie kwa `AT!RESET`. Kama GENERIC haimo kabisa ndani ya kadi, itabidi kuitia kwa `qmi-firmware-update` na faili mbili za Sierra, la .cwe na la .nvu. Kazi hiyo fanya betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa. Umeme ukikatika katikati na betri ni mbovu, kadi inaweza isirudi.

Upungufu wake mkubwa kwetu ni bendi. EM7455 ina bendi 1, 3, 5, 7 na 20, pamoja na kadhaa za Amerika. Haina 8 wala 28. Kabla ya kununua, weka laini utakayoitumia kwenye simu ya Android, fungua NetMonster, na usome bendi mahali utakapokaa na laptopu, sio pale dukani mjini. Ikiwa ni 3 au 20, nunua kwa moyo mkunjufu. Ikiwa kijijini kwako mnara unatoa 28 peke yake, EM7455 itaangukia 3G, na hakuna amri itakayoiongezea bendi ambayo redio yake haina. Ndugu yake EM7430, mwenye sura ile ile, ana 8 na 28 lakini hana 20. Soma jina kwenye stika, usikubali kuambiwa "zote sawa". Kwenye stika hiyo hiyo kuna IMEI; ni namba ya utambulisho wa kadi. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone kama TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, wanaitambua.

Ukipewa kadi nyingine ya modemu, Fibocom L850-GL, kwa bei ya chini, iache kama unatumia Debian 12. Hiyo hupita njia ya PCIe badala ya USB, inaonekana kwenye `lspci` kama 8086:7360, na ModemManager ya Debian 12 haiwezi kuiendesha. Kuna draiva ya nje ya kerneli, xmm7360-pci, lakini kerneli ikibadilika unaijenga upya, na hiyo siku mara nyingi ndiyo siku usiyo na intaneti nyingine.

Sehemu ya mwisho ni mikono. ThinkPad iliyoagizwa bila modemu inaweza kuwa na nafasi ya kadi, na hata tundu la laini, bila antena. Muombe muuzaji afungue kava la chini: unatafuta waya mbili nyembamba, nyekundu na buluu, vichwa vyake vikiwa karibu na nafasi ya kadi. Nyekundu huenda kwenye antena kuu, buluu kwenye ya pili. Hazipo, basi usilipie modemu. Vichwa hivyo ni vya aina ya MHF4, vidogo kuliko punje ya mchele. Antena za U.FL zinazouzwa na adapta za USB haziingii, na ukilazimisha unavunja soketi ya kadi.

Kabla ya kuchomeka chochote, ingia BIOS kwa F1, Config, Power, uchague kuzima betri ya ndani, kwa sababu mashine hizi zina betri mbili na kuitoa ya nyuma hakutoshi. Hewa yetu ya chumvi huacha ukungu wa kijani kwenye meno ya dhahabu ya kadi, na kadi yenye ukungu huonekana na kupotea kila baada ya dakika chache, jambo linalofanana sana na hitilafu ya programu. Yafute meno kwa kitambaa laini chenye spiriti safi pande zote mbili, bila kukwangua kwa kisu, na uache dakika tano yakauke. Kisha sukuma kadi kwa pembe kidogo, ilaze, funga skrubu yake moja, na bonyeza kichwa cha waya nyekundu, kisha cha buluu, kwa ukucha hadi usikie kila kimoja kimekaa.