Uzoefu wangu na ELM327: kutafuta kwa nini Toyota ya zamani inatetemeka na kula mafuta

ELM327 ni kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye gari, kinachosoma kompyuta ya injini na kuonyesha namba zake kwenye simu. Nakitumia kwenye Toyota zenye injini ya 1NZ-FE, ile ya 1497 cc iliyomo kwenye Probox, Fielder na Vitz zilizojaa Mombasa. Shida ninazozipima ni mbili, na aghalabu huja pamoja: injini inatetemeka gari likisimama, na petroli inaisha upesi. Kifaa chenyewe hakitengenezi kitu. Kazi yake ni kukuzuia kununua kipuri usichokihitaji, na hapo ndipo pesa yake inaporudi, maana bei yake haifiki hata bei ya plagi nne halisi za iridiamu.

Tundu la kukichomekea lina pini 16, liko chini ya dashibodi upande wa dereva. Chomeka, zungusha ufunguo hadi ON, unganisha simu kwa bluetooth (namba ya siri huwa 1234 au 0000), kisha fungua programu. Mimi natumia Car Scanner. Torque pia inafaa. Mwenye iPhone atafute cha Wi-Fi au cha Bluetooth LE, kwani hiki cha bluetooth ya kawaida hakisikilizani na simu yake. Gari lililoundwa kwa soko la Japani huenda likagoma ukiiacha programu ijichagulie. Ingia kwenye mipangilio uchague wasifu wa Toyota za Japani. Kodi (namba za hitilafu) zikitokea, zipige picha kabla ya kufuta chochote. Ukifuta, unapoteza pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea, na kompyuta inaanza upya kujifunza kiasi cha mafuta.

Namba ninayoitazama kwanza ni joto la maji, kabla ya kodi yoyote. Thamostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, kwa hiyo injini iliyopata moto wake inapaswa kukaa kati ya 85 na 95. Toka na gari barabara ya Mtwapa au ya Mariakani, mtu mwingine akiangalia simu. Joto likishuka hadi 65 au 70 kila mwendo ukiongezeka, ama thamostati imekwama wazi ama haimo kabisa. Hapa Pwani, hiyo hali ya pili ndiyo naikuta zaidi: gari lilichemka siku moja, thamostati ikang'olewa, ikaonekana dawa imepatikana. Lakini kompyuta inaiona injini kuwa bado baridi, inaendelea kumimina petroli ya ziada, na gia ya otomatiki inachelewa kuingia kwenye gia ya juu. Sababu ya kuchemka nayo inabaki palepale: rejeta iliyoziba kwa chumvi ya maji ya kisima, feni isiyowaka, au kifuniko cha rejeta kilicholegea. Rudisha thamostati, tia kulanti iliyochanganywa na maji safi, halafu ndipo uhukumu ulaji wa mafuta. Taa ya buluu ya Vitz, ile ya injini baridi, haikusaidii hapa, kwa sababu huzimika mapema mno.

Joto likiwa sawa, nenda kwenye marekebisho ya mafuta, yale yanayoandikwa STFT (ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu). Hayo ni asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kwa kufuata sensa ya oksijeni. Jumla ya hizo mbili ikiwa ndani ya 10 juu au chini, sina ugomvi nayo. Ipime mara mbili: injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, kisha ukiishikilia kwenye mizunguko 2500. Hapa ndipo kifaa kinapojipatia heshima yangu. Jumla ikiwa +20 gari likisimama, na ikashuka karibu na sifuri kwenye 2500, kuna hewa inayoingia kwa siri baada ya sensa ya hewa. Kagua mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa ndani ya injini uchomwe tena), mpira wa servo ya breki na gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa. Mipira ya umri huu hupasuka upande wa chini, usipoweza kuona. Ibane mmoja mmoja polepole kwa koleo iliyofungwa kitambaa, macho yakiwa kwenye STFT. Utakapobana ulio mbovu, namba itaanguka papo hapo, na mara nyingi mtetemo nao utapungua. Hakuna haja ya kupulizia kemikali inayowaka juu ya injini moto.

Ikiwa namba iko juu kwenye 2500 vilevile, au inazidi gari likipanda mlima, shuku sensa ya hewa chafu, chujio la mafuta au pampu iliyochoka. Sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake maalumu pekee. Ile ya kabureta iache, na waya wake usiuguse kwa brashi wala pamba. Namba ikiwa chini ya sifuri sana, kuna petroli ya ziada, kwa mfano nozeli inayovuja. Na ukiona sensa ya oksijeni ya mbele inasoma volti 3.3 bila kucheza, usikimbilie kuibadilisha: Toyota kadhaa zina sensa ya aina ya A/F (ya uwiano wa hewa na mafuta), na hiyo ndiyo hali yake ya kawaida.

Kodi P0301 hadi P0304 inakutajia silinda inayomisi, yaani isiyochoma mafuta sawasawa. Ikiwa ni P0302, hamisha koili ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, futa kodi, tembea. Ikirudi P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, angalia plagi (mwanya wake 1.1 mm) na shimo lake; oili ikijaa humo, gasketi ya kifuniko cha valvu imekufa. Vikiwa salama hivyo viwili, inabaki nozeli, halafu kompresheni.

Kuna mtetemo usio wa injini. Tazama RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) gari likiwa D na AC imewashwa: mshale umetulia, lakini usukani unatikisika, na ukiweka N unatulia? Hizo ni injini mauntingi, mipira inayoishikilia injini. Watu hununua koili nne kwa ajili ya mpira mmoja uliokatika.

Kuhusu makadirio ya mafuta, yachukue kwa tahadhari. Programu inayakokotoa kutokana na gramu za hewa. Kwa gramu 3 kwa sekunde, AC ikiwa imewashwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, hesabu inatoka karibu lita 1 kwa saa, na hiyo ni kweli. Lakini sensa ya hewa ikiwa chafu inasoma pungufu, na programu itakusifia gari linalokula. Kipimo cha kuaminika ni kujaza tangi hadi pampu ikatike yenyewe, kutembea hadi nusu, kujaza tena pampu ileile, kisha kugawa kilomita kwa lita.

Kifaa hakioni presha ya mafuta, kompresheni, breki inayoshika wala tairi lisilo na upepo wa kutosha. Breki haina gharama kuikagua: inua gurudumu kwa jeki, weka mawe nyuma ya mengine, lizungushe kwa mkono. Usikiache kifaa kimechomekwa usiku kucha, kinanyonya betri.

Unaponunua, jihadhari na vinavyoandikwa v2.1, vingi vimepunguzwa uwezo na havisikilizani na Toyota za zamani. Vilivyoandikwa v1.5 vimenifaa zaidi, ingawa maandishi ya kasha si dhamana. Nenda dukani na gari lako na programu ikiwa tayari kwenye simu, chomeka mbele ya muuzaji, washa injini, na usilipe mpaka uone joto la maji, RPM na STFT vikisogea.