Machinga wa Kariakoo au simu ya uchochoroni?

Je, Mkristo anaweza kununua kwa muuzaji asiye na kibali, au bidhaa inayoonekana ni ya wizi? Machinga (mchuuzi wa mtaani) wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, asiye na kitambulisho cha uchuuzi amekosa kibali tu. Shati analouza kalinunua kwa jasho lake. Mkristo anunue bila hofu. Ila asimkandamize kwa bei: Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi anayeponda bidhaa, kisha akiondoka anajisifu.

Simu inayouzwa uchochoroni kwa robo ya bei, bila risiti wala boksi, ni jambo jingine kabisa. Huenda kuna mtu kaporwa, pengine kaumizwa. Mithali 29:24 inasema anayeshirikiana na mwizi anaichukia nafsi yake, na kwa sheria ya Tanzania kupokea mali ya wizi kwa kujua ni kosa la jinai. Kusema "sikuuliza" hakutoshi. Bei yenyewe imeshakujulisha. Mimi siinunui, hata kwa elfu kumi.