Fulana 46 za klabu yetu: uzoefu wangu na fundi wa Kariakoo

Mwezi wa tatu nilikabidhiwa jukumu la kutengenezesha fulana 46 za klabu yetu ya mbio na mazoezi, Temeke, na kazi hiyo tuliifanya mara mbili, kwanza kwa hasara, kisha kwa fundi mmoja wa duka dogo Kariakoo ambaye ninamshukuru mpaka leo. Maduka yote mawili hutumia njia ya DTF, yaani picha huchapwa kwenye plastiki maalumu, hunyunyiziwa unga wa gundi, kisha hugandamizwa kwenye kitambaa kwa mashine ya joto. Kilichowatenganisha ni namna kila mmoja alivyoamua picha ikae wapi.

Duka la kwanza lilipokea nembo yetu kwa WhatsApp, likaturudishia picha ya fulana iliyotandazwa, nembo ikiwa katikati kabisa, nasi tukaridhika. Zilipokuja tukagundua kwamba katikati ya fulana si katikati ya kifua: jina la klabu lilikuwa limeshuka hadi tumboni, na kwa wanachama wenye mwili mpana mstari wa chini ulijikunja usisomeke. Picha ya upana wa sentimita 30 ilikuwa imewekwa kwenye saizi zote, hivyo kwa dada zetu wanaovaa S kingo zake zilikaribia kwapa. Isitoshe, fulana zilikuwa nyekundu za polyester, na haikupita wiki maandishi meupe yakaanza kugeuka waridi. Nilidhani wino ni mbaya, kumbe joto likizidi, rangi ya polyester hupanda na kupenya kwenye wino mweupe.

Fundi wa Kariakoo aliniuliza kwanza watavaa akina nani na watazivalia wapi. Kisha akaomba faili la nembo, na nilipompa ile iliyotumwa kwa WhatsApp aliikuza kwenye skrini hadi nikaona kingo za herufi zimekatikakatika kama ngazi. Akanieleza kwamba picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, heri itumwe kama dokumenti, na akaichora upya kwenye CorelDRAW, programu ya kuchora kwa kompyuta, ili iweze kukuzwa bila kufifia. Kwa hilo alinitoza shilingi 15,000, na sijutii hata senti.

Baada ya hapo akachapa nembo kwenye karatasi ya kawaida kwa vipimo vitatu, akazikata kwa mkasi, akaniomba nivae fulana tupu juu ya nguo zangu, na kumwita mke wake azibandike moja moja kifuani kwa selotepu huku nikiinua mikono, nikiinama na kukaa. Mke wake akaweka vidole vinne chini ya kola na kusema, “Hapa ndipo inapoanzia, dada, ukishuka zaidi inakuwa picha ya tumbo.” Tukakubaliana sentimita 25 kwa S na M, na sentimita 30 kwa L kwenda juu. Ili kupata mstari wa katikati, fundi alikunja kila fulana mara mbili, bega kwa bega, akaibana kwa joto kwa sekunde chache, na ule mkunjo ndio uliomwongoza.

Alinishauri pia niondoe kisanduku cheusi kilichokuwa nyuma ya jina la klabu, kwa sababu eneo kubwa la wino na gundi halipitishi hewa, na mtu anayekimbia kilomita 10 atalowa jasho papo hapo kifuani. Niliona uchungu kukiacha, maana mchoro ule niliubuni mwenyewe, lakini alisema kweli. Maandishi madogo ya kauli mbiu aliyakataa kabisa, akisema herufi nyembamba kiasi kile zitabanduka kwa kufuliwa. Tukachagua pamba badala ya polyester, na hata hivyo alichapa fulana moja ya majaribio, akailaza usiku kucha kabla ya kugusa nyingine.

Sasa ni miezi minne. Tunazifua zikiwa zimegeuzwa ndani nje, kwa maji baridi, na maandishi meupe bado ni meupe.

Malalamiko yangu ni kwamba alichelewa siku mbili, na rangi ya chungwa ya nembo ilififia kuliko tulivyoiona kwenye simu, jambo ambalo angetutahadharisha mapema, kwa kuwa simu huonyesha rangi kwa mwanga na wino hauwezi kuufikia. Pia fulana tatu zilikuwa na kola ya V, naye akapima vidole vinne kutoka kwenye ncha ya V, nembo ikashuka mno. Nilipomrudishia hakubishana: alichukua fulana nyingine tatu kutoka kwenye rafu yake, akapima upya kuanzia mshono wa bega, akazichapa mbele yangu bila kunidai kitu.