TAHADHARI: Stata ya kigari cha gofu iliyopakwa rangi mpya, msiinunue

Wakuu, habari za leo. Naandika kwa haraka maana jana usiku rafiki yangu wa Musoma kanitumia picha ya stata anayotaka kuuziwa, na stata hiyo naijua. Ndiyo iliyoniliza mimi hapa Mwanza.

Nina kigari cha gofu cha petroli, Club Car DS, injini ya Kawasaki FE290 yenye silinda moja na ukubwa wa cc 286. Nilikinunua kwenye nyumba ya wageni kule Luchelele, kimelala chini ya mwembe hadi kuku walikuwa wanatagia kwenye siti. Fremu yake ni ya alumini kwa hiyo haikuliwa na kutu. Vilivyokwisha ni bolti, springi na nyaya. Jioni na Jumapili zangu zote zimeishia hapo: nimesafisha kabureta, nimebadilisha mipira ya mafuta, plagi na mikanda. Nataka kimbebe mama yangu hadi ziwani, magoti yake hayamruhusu tena kuteremka kwa miguu. Ilikuwa imebaki stata tu.

Sasa hapa ndipo tapeli anapopita, kwa hiyo mnivumilie nieleze. Gari la kawaida lina stata yake ya kuwasha injini na alteneta yake ya kuchaji betri. Kigari hiki kina mashine moja inayofanya kazi zote mbili, imeunganishwa na injini kwa mkanda. Ukikanyaga pedali ya mafuta, inazungusha injini mpaka iwake. Ikishawaka, mashine hiyohiyo inachaji betri ya volti 12. Ukiachia pedali, injini inazima. Yaani kutoka getini hadi ufukweni unaweza kuwasha mara kumi au zaidi. Isipochaji, betri haikupeleki mbali.

Jamaa aliniambia ana duka la spea Dar. Akanipigia simu ya video, akaiunganisha stata na betri juu ya meza, ikazunguka kwa nguvu. Nikaamini. Bei Sh 380,000, nusu nitangulize, nusu mzigo ukishapakiwa kwenye basi. Akatuma picha ya risiti ya kifurushi, nikamalizia. Nilipoupokea mzigo stendi ya Nyegezi nikakuta rangi nyeusi inang'aa, mpaka kibati cha namba kimefunikwa. Hapo hapo ningeshtuka, lakini furaha ilinizidi.

Nilivyoifunga, injini iliwaka mkanyago wa kwanza. Mama alitoka nje akapiga vigelegele. Siku ya tatu, kimya. Nikachaji betri pembeni, nikawasha tena na kuweka mita: volti 12.1, na hata nikikanyaga mafuta haipandi, wakati ilitakiwa ifike kwenye 14 hivi. Nikanunua reguleta mpya, kile kifaa cha kudhibiti chaji, pesa nyingine hiyo. Hakuna kitu.

Fundi wa kusuka mota pale Nyakato ndiye aliyeifungua. Ndani kuna koili nene za kuzungusha, hizo ni nzima. Koili ya waya mwembamba, ile ya kuchaji, ilikuwa imeungua, mtu akaikata na kuificha kwa utepe kisha akafunga na kupaka rangi. Huyo hakukosea. Alijua kwamba mnunuzi ataangalia kama inazunguka basi.

Nilimpigia jamaa, akaongea kwa upole sana, akasema niirudishe anibadilishie. Kabla ya kuituma nilichora mistari miwili kwa msumari chini ya sikio la kufungia bolti, karibu na sehemu iliyochomelewa. Alipoipokea akanifungia namba. Na kwenye picha ya jana, mistari yangu miwili ipo palepale.

Namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na RB ya polisi ninayo. Jina siliweki hapa, anabadilisha laini na jina pia. Iangalieni stata yenyewe: rangi nyeusi mpya, kibati kimepakwa rangi, sikio moja limechomelewa.

Ukiuziwa stata ya aina hii na mtu yeyote, mwambie aipime kwa mita ile koili ya kuchaji, kwenye skrubu iliyoandikwa DF, mbele ya kamera. Waya ukiwa umekatika mita haitasoma kitu. Akikujibu "si umeona inazunguka?", achana naye. Na nusu ya pili usiilipe kwa picha ya risiti. Mwenye mali ya kweli atakubali ufungue boksi kwanza, tena na fundi wako awepo.

Rafiki yangu hajatuma hela, namshukuru Mungu. Mtu wa Bukoba, Geita, Shinyanga au kwingine akitumiwa picha ya stata yenye alama hizo, aniandikie hapa kabla hajalipa. Picha zote na risiti za basi, ya kuja na ya kurudi, nimezitunza.