Kupatwa kwa mwezi ukiwa nyumbani: ununue nini kwanza, nini baadae, na nini uache dukani

Tangu ule usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipokuwa mwekundu kuanzia saa 2:30 mpaka saa 3:53 usiku, swali limebaki lile lile, ninunue kitu gani ili ukija mwingine nisiishie kupata kidoti cheupe kwenye simu. Mwingine wa kupatwa wote kwa huku Afrika Mashariki ni tarehe 31 Desemba 2028, mkesha wa mwaka mpya kabisa, kuanzia saa 1:16 usiku mpaka saa 2:28, kwa hiyo muda wa kununua taratibu bila papara upo, hela ikipatikana kidogo unachukua kimoja, ikipatikana tena unaongeza.

Kitu cha kwanza uelewe kabla hujatoa hata shilingi: macho yako yanatosha. Kupatwa kwa mwezi unakuangalia bure na hakuna madhara yoyote kwa macho, hiyo sio kama jua. Kwa hiyo chochote utakachonunua ni cha kuongeza utamu, na utamu wenyewe hauletwi na kukuza sana. Mwezi mpevu unawaka vibaya mno, ila ukishaingia wote kwenye kivuli cha dunia mwanga wake unashuka mara elfu kadhaa, unabaki ule wekundu tu unaopenyea kwenye hewa ya dunia. Hapo kifaa kinachosaidia ni kile kinachokusanya mwanga mwingi na kisichotikisika, na sisi wengi tukifika dukani tunauliza inakuza mara ngapi. Wauzaji wanalijua hilo ndo maana namba kubwa kubwa zimeandikwa kwenye maboksi.

Namba moja kwangu, na sina wasiwasi nayo hata kidogo, ni bainokula, ile darubini ya mkono ya macho mawili, ya 10x50. Ile 10 ni kukuza mara kumi, 50 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na hiyo 50 ndo unayoilipia. Ukiikosa chukua 7x50, hizo mabaharia wanazipenda, ukanda wa pwani unaweza kuzipata za mtumba, zinakuza kidogo lakini mkono ukitetemeka picha haichezi sana. Zile ndogo za kuweka mfukoni, 8x21 na wenzake, ni za kwenda nazo Mikumi mchana, usiku zinakufa. Na zile zenye zumu ya kubadilika, 10 mpaka 30 na zaidi, achana nazo kabisa. Kwa 10x50 mwezi uliopatwa unaacha kuonekana kama sahani, unaona kabisa ni tufe linaning'inia, nyota ndogo zinatokea pembeni yake ambazo dakika chache kabla hazikuwepo kwa sababu ya mwanga, afu zile dakika za mwanzo na za mwisho za kupatwa kote angalia ukingo wa kivuli, kuna utepe mwembamba wa rangi ya bluu ya feruzi, unatokana na gesi ya ozoni ya kwenye hewa ya dunia yetu inayonyonya wekundu. Kwa macho matupu wengi hawauoni. Kwa bainokula unaonekana, na kwa huo utepe peke yake hela imerudi.

Jinsi ya kuijaribu dukani, iwe Kariakoo au Luthuli kule Nairobi, na usione aibu muuzaji akikunja sura: ishike mbali kwa urefu wa mkono, elekeza kwenye mwanga wa mchana, tazama vile viduara vya mwanga kwenye lenzi za nyuma. Vikiwa mviringo safi ni nzuri, vikiwa na pembe kama mraba uliokatwa kata basi vioo vya ndani ni vya bei rahisi. Afu toka mlangoni usome bango la duka la ng'ambo ya barabara, ukiona maandishi mawili mawili, au macho yanavutwa na kichwa kinaanza kuuma, mirija miwili haijalingana, rudisha, hiyo haitengenezeki nyumbani. Lenzi zinazong'aa rangi nyekundu kama kioo cha taa ya nyuma ya gari nazo ziache, mwekundu ule unarudisha nje mwanga ambao wewe unautaka uingie ndani, na siku hiyo wekundu ndo habari yenyewe. Kama ni ya mtumba washa tochi ya simu upande mmoja uchungulie upande wa pili. Huku pwani unyevu unaleta fangasi ndani ya lenzi, utaona kama utando wa buibui, na bei hata ikishuka vipi usichukue.

Namba mbili ni stendi ya miguu mitatu pamoja na kishikio cha simu, na kama unachotaka ni picha tu na sio kuangalia, basi hii ndo iwe namba moja yako. Simu nyingi za siku hizi zina mpangilio wa usiku unaoacha lenzi wazi sekunde kadhaa, lakini mkononi hizo sekunde ni ukungu mtupu. Chagua stendi nzito kidogo, yenye skrubu ya robo inchi juu maana hiyo ndo inakubali vishikio karibu vyote na kamera pia ukija kununua. Jaribu hivi: ivute yote mpaka juu, igonge mguu mmoja kwa kidole, uhesabu inachukua muda gani kutulia. Ikiendelea kucheza cheza hiyo ni ya kurekodia vidio ya ndani. Desemba kaskazi inavuma na ukiwa juu ya dari la nyumba utausikia upepo, kwa hiyo tafuta yenye ndoano katikati uning'inize mfuko wa mchanga. Rimoti ya blututhi ni nzuri ila sio lazima, weka taima ya sekunde mbili inatosha.

Na kwenye simu usivute zumu mpaka mwisho. Ile ya kuvuta kwa vidole haiongezi chochote, inapanua madoa, na kuna simu zikitambua ni mwezi zinajaza zenyewe mabaka ambayo lenzi haikuyaona, picha inapendeza lakini sio mwezi wako. Tumia lenzi ya mbali kama simu inayo, au piga pana, mwezi mdogo mwekundu juu ya bati la jirani na mnazi. Hapo 2028 imetupendelea sana, kwa sababu mwezi utachomoza huku umeshaanza kumegwa, na ukifika wekundu bado uko chini upande wa mashariki kuelekea kaskazini kidogo. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja upande wa mashariki, mnapata juu ya bahari kabisa. Ila kama baraza lako linatazama magharibi panga mapema utakaa wapi. Ndugu zetu wa Muscat wao itakuwa saa 2:16 usiku mpaka saa 3:28 kwa saa zao, mwezi ukiwa juu zaidi.

Namba tatu ni kamera yenye zumu ndefu ambayo lenzi yake haibadilishwi, kama Nikon P900 au Canon SX70. P900 lenzi yake inafika milimita 2000 kwa hesabu za kamera kubwa (milimita zikizidi ndo inavuta karibu zaidi) na mwezi unajaza fremu. Kwa mtu asiyetaka kujifunza mambo mengi hii inapendeza, mwezi mpevu utaupata mashimo yote. Udhaifu wake ni sensa ndogo, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, mwezi ukiwa giza chembe chembe zinajaa na fokasi inahangaika, kwa hiyo uiseti fokasi wakati mwezi bado unawaka, halafu uifunge hapo hapo usiiguse tena.

Nne ni kamera ya kubadilisha lenzi, mtumba, na lenzi ya milimita 70 mpaka 300. Hapa watu wanashangaa, mbona inatajwa baada ya ile ndogo. Kwa milimita 300 mwezi unachukua kama milimita 2.7 tu kwenye sensa ambayo kimo chake ni kama 15, yaani mdogo, itabidi ukate picha. Lakini ubora wa ile rangi ya giza unaipita ya namba tatu mbali sana, kwa hiyo kama tayari unapiga picha za harusi au za kipaimara na bodi unayo, kwako wewe hii inapanda mpaka namba mbili na unanunua lenzi tu. Anzia ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), shata 1/250 ya sekunde mwezi ukiwa mzima, ukishaingia kivulini wote fungua lenzi mpaka mwisho, ISO 800 mpaka 1600, anza sekunde moja uone. Usizidi sana sekunde mbili kwa lenzi hiyo, mwezi unatembea na utapata ukungu. Na usikariri namba moja, kila kupatwa kuna giza lake, ule wa Desemba 1992 baada ya mlima Pinatubo kulipuka 1991 ulikuwa mweusi kiasi cha kutoonekana vizuri, kwa hiyo piga kwa mwanga tofauti tofauti. Betri ya pili nunua.

Darubini ni ya mwisho. Naipenda darubini, pete za sayari ya Zohali huwezi kuziona bila hiyo, ila kwa kazi hii ni kubwa kupita kiasi na stendi za zile za bei rahisi ni mbovu. Ukiona boksi limeandikwa 525x kwenye darubini ya milimita 70 jua hapo hamna kitu, inayotumika kwa ukweli ni kama mara mbili ya upana wake, yaani 140.

Vya kuacha dukani: miwani ya kupatwa kwa jua, hiyo ukivaa kwa mwezi hutaona chochote. Vilenzi vya kubana kwenye simu. Kichujio cha mwezi, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga wa mwezi kwenye darubini.

Bei sitaji maana inategemea duka na dola imeamkaje, uliza maduka matatu ndo ulipe. Ila usinunue wiki ya mwisho. Tarehe 28 Agosti 2026 kuna wa sehemu, yaani kivuli hakiufuniki mwezi wote, unaoanza saa 11:34 alfajiri ya huku, mwezi unazama nao, walio Kigoma, Bujumbura na Goma wanaupata mrefu kuliko wa Dar. Na tarehe 6 Julai 2028 kuna mwingine wa sehemu, kilele saa 3:20 usiku, muda mzuri kabisa wa watu kuwa macho, huo utumie kujaribia vyombo vyako vyote, na kama stendi inacheza bado utakuwa na karibu miezi sita ya kuibadilisha.